Tapeti za IST yangu: chupa mbili za dawa, kisha fila geji

Gari langu ni Toyota IST ya mwaka 2004, injini ya 1NZ-FE, cc 1,497. Nililitoa bandarini Dar es Salaam mwaka 2015 likisoma kilomita 104,000. Siku kelele zilipoanza, dashibodi ilisoma 287,000. Katikati hapo limefanya kila kazi: limepeleka watoto shule, limekuwa teksi ya mtandaoni miaka miwili, limekwenda misibani Songea, na limebeba mpunga kutoka Ifakara ambao nisingependa trafiki aulize uzito wake. Nasema mapema ili mtu asidhani nazungumzia gari la kuendea kanisani Jumapili.

Kelele zilikuja taratibu. Asubuhi, injini ikiwa ya baridi, tik-tik-tik-tik upande wa juu, kama cherehani inayoshona chumba cha jirani. Ikipata moto zinapungua lakini haziishi. Ukikanyaga mafuta nazo zinakimbia. Mke wangu ndiye aliyezisikia wa kwanza. Mimi nilikuwa na dawa yangu ya siku zote, kuongeza sauti ya redio.

Fundi wa kwanza ni kijana wa mtaani kwetu. Alisikiliza kwa sekunde kumi hivi, akafunga boneti. "Bosi, injini imechoka, tuweke oili nzito." Tukamwaga oili nyepesi ya 5W-30, tukaweka nzito ya 20W-50. Siwezi kudanganya, kwa siku kama tano palikuwa kimya. Halafu ikaja kelele nyingine, mkwaruzo wa sekunde mbili tatu kila nikiwasha asubuhi, na taa ya injini ikawaka mara mbili ndani ya wiki. Injini hii ina VVT-i, mfumo unaosogeza kemshafti (mhimili wa juu unaofungua valvu, yaani vile vilango vya kuingiza hewa na kutoa moshi) kwa nguvu ya oili inayopita kwenye vijitundu vyembamba na chujio dogo. Oili nzito asubuhi inachelewa kufika juu, na huko juu ndiko kulikokuwa na ugonjwa. Nikarudisha 5W-30, lita 3.7 pamoja na filta mpya, na tik-tik yangu ikarudi kama ilivyokuwa.

Ndipo nikaingia kwenye dawa za chupa. Jina la kampuni silitaji, maana chupa za namna hii zinafanana na madai yao yanafanana: picha ya injini inayong'aa, na maneno kwamba inanyamazisha tapeti (vile vipande vilivyo kati ya kemshafti na valvu), inasafisha, inarudisha nguvu. Shilingi 35,000 chupa moja, na muuzaji akanishawishi ninunue mbili, "moja ya kuanzia, moja ya kumalizia." Nilimimina ya kwanza, nikaendesha kilomita 800.

Hapa nilifanya jambo moja la maana katika mkasa huu wote. Kabla ya kumimina nilirekodi sauti kwa simu: saa 12 asubuhi, boneti wazi, simu juu ya betri. Baada ya kilomita 800 nikarekodi tena, saa ile ile, mahali pale pale. Kwa sababu wakati naendesha, nilikuwa nimeshaanza kuamini kwamba imepungua. Mtu akishatoa 70,000 masikio yake yanakuwa na huruma. Nilipozisikiliza rekodi mbili moja baada ya nyingine, hakuna tofauti. Mwanangu wa darasa la sita nilimwomba aniambie ipi ni ya kwanza, akakosea.

Sababu ya dawa kushindwa nilikuja kuelezwa baadaye na mzee mmoja mwenye gereji chini ya mwarobaini, Ilala. Nilifika pale kwa kuelekezwa na dereva teksi. Nikampa shikamoo, nikamweleza, nikamwonyesha na ile chupa ya pili ambayo haijafunguliwa. Aliigeuza mkononi, akacheka.

"Mwanangu, hii ni ya tapeti za hidroliki. Wewe tapeti zako ni chuma tupu."

Akaendelea. Ziko injini ambazo tapeti zake zina kijibomba ndani, kinajaa oili na kuziba nafasi chenyewe. Uchafu ukiingia kwenye hicho kijibomba kinabonyea, tapeti inapiga kelele, na hapo dawa ya kusafisha inaweza ikasaidia. Toyota za injini za ZR, zile za Corolla zilizofuata, zina hidroliki. Lakini 1NZ ina kikombe cha chuma kinachokaa juu ya valvu, kemshafti inakikanyaga moja kwa moja. Hakuna cha kujaa wala cha kusafishwa. Chuma kikilika, nafasi iliyo kati ya kemshafti na kikombe inapanuka, na nafasi ikipanuka kemshafti haigusi kikombe, inakipiga. Hakuna kimiminika kinachorudisha chuma kilicholika. Nilijiona kama mtu aliyempaka mgonjwa wa goti dawa ya meno.

Kabla ya kugusa spana, mzee alitumia karibu nusu saa kuhakikisha kwamba kweli ni tapeti. Nilikuwa na haraka, sasa namshukuru. Kwanza stiki ya oili, kiwango na rangi. Kisha akachukua bisibisi ndefu, ncha kwenye injini, mpini sikioni, akaanza kutembea nayo. Noze zote nne, zile zinazopuliza petroli, zinatika zenyewe kwa asili yake, tena kwa sauti kali, na wengi wamefunguliwa injini kwa kosa la noze. Akachungulia manifoldi ya ekzosi kama ina masizi meusi pembeni, maana gasketi ikivuja pale inatika kama tapeti hasa asubuhi, na chuma kikipata moto kinatanuka na kuziba. Akagusa plagi moja moja kama imelegea. Akasikiliza upande wa cheni ya taimingi. Mwisho akaweka bisibisi juu ya tapeti kava, mfuniko wa juu wa injini, silinda ya tatu, akanipa mpini nisikilize mwenyewe. Ilikuwa kama mtu anagonga mlango wa sikio langu.

Akanifundisha na kuhesabu. Kemshafti inazunguka mara moja wakati krenki, mhimili wa chini unaosukumwa na pistoni, inazunguka mara mbili. Kwa sailensa (injini inaunguruma bila kukanyaga mafuta) ya mizunguko 700 kwa dakika, kila valvu inafunguka mara 350 kwa dakika, yaani karibu mara sita kwa sekunde. Kelele ya tapeti ni nyepesi na iko juu. Kelele ya beringi za kondrodi, fimbo zinazounganisha pistoni na krenki, ni nzito, inatoka chini, na inazidi ukiibebesha injini mzigo. Hiyo ukiisikia zima gari hapo hapo, utafute wa kukuvuta, la sivyo injini inanoki.

"Sasa liache hapa, lilale," akasema. "Kesho asubuhi napima likiwa baridi."

Kwa injini hii vipimo vya nafasi ya valvu ni vya injini baridi: milimita 0.15 hadi 0.25 kwa valvu za kuingiza, 0.25 hadi 0.35 kwa valvu za kutoa moshi. Fundi akikwambia atakupimia sasa hivi wakati umefika ukitokea Mbagala kwenye foleni, shukuru uondoke.

Asubuhi nilikuwa pale saa 1. Alitoa koili, akafungua tapeti kava, akaanza na fila geji, kipimo cha vipande vyembamba vya chuma vya kupitisha kwenye nafasi. Aliniruhusu nijaribu: ule ukanda wa chuma chembamba unapita kwa kukwaruza kidogo, kama unachomoa noti iliyobanwa ndani ya kitabu. Ukipita bure nafasi ni kubwa, ukigoma ni ndogo. Valvu 16, nikaziandika zote kwenye daftari la mwanangu. Kumi na moja zilikuwa ndani ya kipimo. Tano hazikuwamo. Za kuingiza mbili zilikuwa 0.31 na 0.28. Za kutoa moshi mbili zilikuwa 0.42 na 0.38.

Ya tano ndiyo iliyomfanya mzee anyamaze. Valvu ya kutoa moshi, silinda ya pili, 0.21. Imebana. Hii haikuwa inapiga kelele hata kidogo, na yeye aliiogopa kuliko zote nne zinazotika. Kikombe kikilika nafasi inaongezeka, lakini kiti cha valvu kikilika, valvu inazama ndani ya hedi, sehemu ya juu ya injini, na mkia wake kupanda juu, nafasi inapungua. Ikipungua mpaka kwisha, valvu haifungi vizuri, moto unapenya pembeni, na siku moja inaungua kimya kimya. Alisema magari yaliyofungwa mfumo wa gesi asilia, ambayo sasa yamejaa Dar, anayaona sana na tatizo hili, kwa sababu gesi ni kavu na haina kinachopoza kiti cha valvu. Madereva wake wanafurahi kwamba injini imetulia! Mimi situmii gesi. Langu ni umri tu.

Sasa ndiyo kazi yenyewe, na hapa ndipo mafundi wengi wanakimbia 1NZ. Haina skurubu ya kurekebishia wala shimu (kisahani cha kurekebishia nafasi) ya juu ya kikombe kama zile Corolla za 110. Kikombe chenyewe ndicho kipimo. Lazima utoe kemshafti, na ili utoe kemshafti ulegeze cheni ya taimingi. Mzee aliweka alama kwenye cheni na gia kwa rangi ya kucha nyekundu, akaifunga cheni kwa waya isidumbukie chini. Vikombe vina namba ndani: 30 maana yake unene wa milimita 5.300, 42 ni 5.420, na vinapanda kwa hatua ya 0.020. Yeye hakuamini namba, akapima kila kimoja kwa mikromita, kifaa cha kupimia unene.

Hesabu yake ni rahisi. Chukua unene wa zamani, ongeza nafasi uliyopima, toa 0.30 kama ni ya moshi, au 0.20 kama ni ya kuingiza. Ile ya 0.42 ilikuwa na kikombe cha 5.300, kwa hiyo ilitaka 5.420. Ile ya 0.38 ilikuwa na 5.460, ilitaka 5.540. Na ile iliyobana, nadhani mnaona inakoelekea, ilikuwa na 5.540. Mzee akabadilishana viwili hivyo bila kununua chochote: moja ikawa 0.30, nyingine 0.29. Alifurahi kama mtu aliyefunga bao. Vikombe vitatu vilivyobaki nilivifuata Kariakoo, kwenye maduka ya spea zilizotumika, nikiwa na karatasi ya vipimo mfukoni. Nilikwenda mara tatu, kwa sababu muuzaji wa kwanza alinipa "zinaingia tu, kaka," na mikromita ikakataa.

Gharama: ufundi 180,000, vikombe vitatu 30,000, gasketi ya tapeti kava 25,000, oili na filta 95,000. Jumla 330,000. Ukiniongezea zile oili za majaribio na chupa mbili za dawa nilizotangulia nazo, unaweza kujua kwa nini naandika kwa uchungu.

Nitoe na kasoro za mzee, maana si malaika. Aliniambia siku moja, zikawa mbili na nusu. Gasketi ilivuja oili kwenye kona ya nyuma baada ya wiki, nikarudi, akaifunga tena bila malipo lakini kwa manung'uniko. Hatoi risiti. Na aliniambia wazi kwamba jino moja la kemshafti, lile la ile valvu ya 0.42, limeanza kuwa na mchirizi unaoshikika kwa kucha, kwa hiyo nafasi ile itapanuka tena. Kubadili kemshafti kwa sasa alikataa. Kasema pesa hiyo nikanunulie tairi.

Kelele je? Nilirekodi ya tatu, saa 12 asubuhi, simu juu ya betri. Safari hii mwanangu hakukosea. Haijawa kimya kabisa, noze bado zinatika, lakini cherehani ya jirani imehama. Mafuta sijaona tofauti ya kujivunia, labda kidogo kwenye foleni. Kilichobadilika kweli ni sailensa, imetulia. Zamani kikombe cha chai kwenye dashibodi kilikuwa kinacheza.

Sasa limeshatembea kilomita 11,000 tangu siku ile. Dawa naipa nyota moja kati ya tano, na hiyo moja ni kwa sababu haikuharibu kitu. Ufundi wa mzee nne. Ya tano ataipata tukipima tena kwenye kilomita 320,000, daftari ninalo. Chupa ya pili nilimpa shemeji yangu mwenye Corolla ya 2ZR, injini yenye tapeti za hidroliki. Anasema imemsaidia. Nimemwomba rekodi, bado hajanitumia.