Biblia ya maandishi makubwa, yenye zipu

Nimemnunulia mama Biblia hii ya Union Version, tafsiri ya 1952, na nimeridhika kabisa. Herufi ni nene, Waefeso 2:8 anaisoma bila miwani: "Kwa maana mmeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani." Miaka yote amehesabu sadaka zake na zamu za kufagia kanisa kana kwamba ndiyo ada ya kuingia mbinguni. Mstari wa 9 unakataa waziwazi: wala si kwa matendo. Wa 10 nao msiuruke jamani, matendo mema yapo, ila yanakuja baada ya neema. Karatasi ni nyembamba mno, wino unapenya upande wa pili. Pigieni mistari kwa penseli. Zipu ni imara.