Biskuti za dharura: ipi uanze nayo

Wengi wanaojiwekea akiba ya maafa huulizia kalori kwanza. Mimi naulizia maji. Biskuti hizi ni kavu kwelikweli, na mtu mmoja anahitaji lita 2.5 hadi 3 kwa siku kwa kunywa na chakula. Kama huna maji hayo, nunua madumu kwanza.

Namba moja kwangu ni BP-5, chapa ya biskuti zilizoshindiliwa. Pakiti ya gramu 500 ina kilokalori zinazokaribia 2,300: ngano, mafuta ya mimea, sukari na protini ya soya, pamoja na vitamini na madini. Mashirika ya misaada hupanga mgao kwa kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku, kwa hiyo pakiti moja ni siku moja, huhitaji kikokotoo. Lakini kilichoipandisha juu ni uji. Vunja kipande kwa mgongo wa kijiko, mimina maji moto yaliyochemshwa, koroga; donge gumu kama chaki linageuka uji mtamu anaoweza kuumeza mgonjwa au mzee asiye na meno. Mtoto wa chini ya miezi 6 asipewe, huyo ni maziwa ya mama tu. Mwenye mzio wa ngano au soya naye atafutiwe kingine. Halafu, tusidanganyane, siku ya tatu ule utamu unakinai.

Ya pili ni migao ya mashua za uokoaji. Kanuni za usalama baharini za SOLAS zinataka kila mtu awekewe chakula cha kilojuli zisizopungua 10,000, yaani kama kilokalori 2,400. Hutengenezwa zisichochee kiu, na hilo ni jambo kubwa pale maji yanapopimwa kwa kikombe. Ila soma lebo vizuri: baadhi ya pakiti za 2,400 huuzwa kama chakula cha "siku tatu". Gawanya mwenyewe, ni 800 kwa siku. Hicho ni cha kushikilia roho ukisubiri kuokolewa, wala si cha mtu anayebeba matofali ya nyumba iliyobomoka.

Biskuti za kawaida zenye nguvu nyingi, kama zile za Mpango wa Chakula Duniani (WFP), zina takriban kilokalori 450 kwa gramu 100. Watoto huzipenda, ila zinakula nafasi na huvunjika njiani. Vyakula vya kijeshi vilivyopikwa tayari naviweka mkiani: vitamu, lakini jaribu kubeba vya familia nzima mgongoni.

Plumpy'Nut, ile lishe laini ya karanga, usiiweke kwenye orodha kabisa. Ile pakiti ya gramu 92 yenye kilokalori 500 ni tiba ya watoto wenye utapiamlo mkali, na kuna anayeisubiri kliniki.

Ukishachagua, angalia tarehe, kisha bonyeza pakiti kwa kidole gumba. Zile zilizofyonzwa hewa huwa ngumu kama tofali. Ikibonyea na karatasi yake ikacheza, hewa imeshaingia, irudishe rafuni.