Uzoefu wangu: huduma ya dharura kwa mbwa aliyetoka kuzaa

Nawasifu bila kusita, ingawa lipo jambo moja lililonikera. Mbwa wangu Tunu alipata maambukizi ya mji wa mimba siku chache baada ya kuzaa, nikamkimbiza usiku kwenye kliniki ya mifugo.

Mbwa aliyezaa hutokwa na uchafu ukeni, mwanzoni wa kijani iliyokolea, baadaye mwekundu wa hudhurungi, na unaweza kuendelea wiki 3 au zaidi. Ni kawaida, mradi haunuki. Wa Tunu ulinuka kama nyama iliyooza. Mwenyewe alikuwa amelala, amewapa watoto mgongo, nao wanalia njaa.

Daktari hakukimbilia sindano. Alipima joto kwanza: nyuzi 40.3, wakati mbwa mwenye afya huwa karibu na 38.5. Akabonyeza tumbo taratibu, kisha akakamua chuchu moja baada ya nyingine akitafuta usaha, kwa sababu homa ya mbwa anayenyonyesha huweza kutokana na matiti pia. Ndipo akampiga ultrasaundi, akanigeuzia skrini nione: mji wa mimba umejaa majimaji, na kipande cha kondo la nyuma kimebaki ndani. Nikauliza, mbona asimchome oksitosini, homoni inayofanya mji wa mimba ujikaze? Akasema siku kama mbili zikishapita tangu kuzaa, mji wa mimba hauiitikii vizuri tena. Alitumia prostaglandini ili uchafu usukumwe nje, pamoja na dripu na antibiotiki. Hakunificha kwamba hali ikigoma kubadilika, au mji wa mimba ukitoboka, itabidi autoe kwa upasuaji, na Tunu hatazaa tena.

Lakini walichonikosha nacho hasa ni walivyowajali watoto. Waliwapima uzito, wakawaweka kwenye joto, na muuguzi akanielekeza kuwapa maziwa ya unga ya watoto wa mbwa kila baada ya saa 2 au 3, wakiwa wamelalia tumbo. Ukimlaza chali, maziwa huweza kuingia mapafuni.

Kero yangu ni kwamba ratiba ya dawa za nyumbani nilipewa kwa mdomo tu. Mtu mwenye hofu na usingizi hashiki saa na vipimo vyote hivyo. Waandike kwenye karatasi, jamani.

Tunu alipona bila upasuaji. Waliniita tena kwa ultrasaundi ya pili, wakaridhika kwamba mji wa mimba umesafika, ndipo wakafunga faili lake.