Gevrey-Chambertin ya 2019: Tunaionja na Kuipima

Karibuni watazamaji. Chupa ya leo ni Gevrey-Chambertin ya 2019, mvinyo mwekundu wa Burgundy, Ufaransa. Angalieni lebo. Jina la zabibu halipo. Limeandikwa jina la kijiji, na zabibu ya hapa ni Pinot Noir. Maneno Premier Cru, yaani daraja lililo juu ya lile la kijiji, nayo hayapo, maana yake hii ni ya daraja la kijiji. Kabla hujatoa hela, soma jina la mtengenezaji. Clos de Vougeot, kwa mfano, ni shamba la hekta 50 hivi lenye wamiliki wapatao 80, na kila mmoja anatengeneza mvinyo kivyake. Kwa hiyo jina kubwa la shamba peke yake halitoshi.

Sasa joto, na hapa ndipo chupa nyingi nzuri zinapoharibiwa. Kunywa mvinyo mwekundu "katika joto la chumba" ni ushauri wa nyumba za Ulaya zenye baridi. Chumba cha Dar es Salaam au Mombasa kina nyuzi 28, hata 30, na kwa joto hilo pombe inakupiga puani na harufu ya matunda inafunikwa. Tunataka nyuzi 15 hadi 17. Weka friji kama saa moja na nusu, au kwenye ndoo ya barafu dakika kumi na kitu. Ongeza maji humo ndani. Barafu bila maji haiigusi chupa vizuri, inachelewa kupooza.

Namimina mililita 100 tu, glasi ya tumbo pana. Naiinamisha juu ya karatasi nyeupe: herufi zinasomeka kupitia mvinyo. Msidhani umechakachuliwa. Pinot Noir ina ganda jembamba, rangi yake ndiyo hiyo.

Nanusa kabla ya kuzungusha. Cheri iliyoiva, safi. Ungenuka kadibodi iliyolowa, ni kizibo kimeuharibu, na hewa haiwezi kuuponya, rudisha dukani. Nazungusha... hapo sasa! Forosadi, udongo baada ya mvua, halafu karafuu na moshi kwa mbali. Hayo mawili ya mwisho yametoka kwenye pipa la mwaloni, na mtengenezaji hajazidisha.

Naonja, nauzungusha mdomoni. Mate yanajaa pembeni mwa ulimi: uchachu upo, na ndio unaoupa uhai. Ukakasi unashika fizi taratibu, laini, si ule wa ndizi mbichi. Nimemeza. Hesabuni nami... sekunde kumi, na cheri bado ipo. Kwa daraja la kijiji, huo ni urefu mzuri sana.

Kasoro ninayoiona ni pombe. Mwaka 2019 ulikuwa wa jua kali, zabibu zikajaa sukari, na kooni kuna ujotojoto mwishoni. Si wa kukera, ila chupa ikipata joto mezani utaongezeka. Mimi naipa nane kwa kumi, na ningeiacha miaka mitatu zaidi mahali penye giza na nyuzi 12 au 13. Juu ya kabati la jikoni itaiva vibaya, ladha ya matunda yaliyopikwa.

Inaendana na bata wa kuoka, au pilau ya nyama, lakini pilipili weka kando; inaukuza ule ujotojoto na kuua cheri yote. Ikibaki nusu, ziba, rudisha friji, na imalize kesho.