Saiba ya Uchochoroni Shella, Malindi: Nilikopelekea Ritani Yangu Kurekebishwa

Duka hili dogo la saiba, lililomo katika uchochoro mmoja wa mtaa wa Shella hapa Malindi, limebandika ukutani orodha ya huduma zake za kila siku: kupiga chapa, kutoa nakala, kujaza ritani, yaani taarifa ya mapato na kodi ya mwaka inayopelekwa KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya. Huduma niliyoifuata mimi, yaani kurekebisha ritani iliyokwisha kuwasilishwa, haimo katika orodha hiyo, nayo ndiyo inayonifanya niandike haya.

Mimi ni mwalimu wa shule ya binafsi, na kuanzia Julai hadi Desemba 2024 nilikuwa pia nikiandika hesabu za hoteli moja kila mwisho wa wiki. Juni mwaka uliofuata, siku mbili kabla ya tarehe 30 ambayo ndiyo mwisho wa kuwasilisha, nilikwenda saiba nyingine mjini nikiwa na fomu ya P9 ya shule peke yake, ile inayoonyesha mshahara wa mwaka na kodi iliyokatwa na mwajiri. Kijana wa huko hakuniuliza kama nina mwajiri wa pili, nami, nikidhani kwamba malipo yasiyokatwa kodi hayana haja ya kutajwa, nilinyamaza. P9 ya hoteli ilipoingia mkononi mwangu Septemba, ndipo nilipoanza kukosa usingizi.

Mhudumu wa Shella hakugusa kompyuta kwanza. Aliuliza, "Mwalimu, mwaka huo mzima ulilipwa na nani na nani?" Kisha akachukua karatasi akanieleza kosa lenyewe, jambo ambalo sikulitarajia kwa ada ya shilingi 500. Hoteli ilikuwa ikinilipa 20,000 kwa mwezi. Kodi ya asilimia 10 ya fedha hizo ni 2,000, lakini hoteli ilinipa nafuu ya kodi ya 2,400 kwa mwezi, ile ile ambayo shule ilikuwa imekwisha kunipa, na kwa hiyo makato yakawa sufuri. Mtu mmoja ana haki ya nafuu hiyo mara moja tu, na mapato yote huunganishwa yakapimwa pamoja. Kwa kuwa mshahara wa shule peke yake umekwisha kuvuka kiwango cha 32,333 kwa mwezi, zile 120,000 za hoteli zinaangukia zote kwenye asilimia 30: deni la shilingi 36,000. Nilitazama karatasi ile kwa muda mrefu.

Kuhusu adhabu alikuwa mkweli bila kunitisha. Adhabu ya kuchelewa kuwasilisha, ambayo kwa mtu binafsi ni shilingi 2,000 au asilimia 5 ya kodi, ipi iliyo kubwa, hainihusu, kwa sababu ritani ya kwanza ilifika kwa wakati. Kinachonihusu ni asilimia 5 ya kuchelewa kulipa, yaani 1,800, na riba ya asilimia 1 kwa kila mwezi au sehemu ya mwezi, ambayo huanza kuhesabiwa baada ya tarehe 30 Aprili, deni linapoiva, wala si baada ya Juni kama wengi tunavyodhani. Miezi mitano ikafanya 1,800 nyingine, na jumla ikawa 39,600.

Kazi yenyewe ilichukua saa moja na nusu. Katika iTax, tovuti ya KRA, aliingia sehemu ya ritani ya marekebisho, akachagua mwaka 2024, akaijaza fomu upya yote, mshahara wa shule pamoja na wa hoteli, kwa kuwa ritani ya marekebisho huchukua nafasi ya ile ya kwanza wala haijazi tu kilichopungua. Alinisomea kila tarakimu kabla ya kuituma, akanichapishia stakabadhi ya kupokewa, akatoa namba ya malipo, nami nikalipa kwa M-Pesa papo hapo. Alinitahadharisha pia kwamba Kamishna wa KRA ana mamlaka ya kukubali au kukataa marekebisho, na kwamba mlango huo hufungwa baada ya miaka mitano.

Kasoro ninayoiona ni moja, na si ndogo. Nywila za wateja huandikwa katika daftari la shule linalokaa wazi juu ya meza, kando ya vikombe vya kahawa, na mtu yeyote anayesubiri chapa yake anaweza kulisoma. Nilipolalamika, mhudumu alisema wazee wengi husahau nywila zao na humrudia kila Juni. Sababu hiyo naielewa, ila dawa yake ni sanduku lenye kufuli. Mimi nilibadilisha nywila yangu jioni ile ile nyumbani.

Viti ni viwili tu, na kiyoyozi hakuna. Duka hufunguliwa saa mbili asubuhi, na Ijumaa hufungwa kuanzia saa sita hadi saa nane mchana. Aendaye abebe P9 zake zote.