Mshale unaruka wenyewe: nilivyohangaika na tachipadi ya laptopu kuukuu

Kuna kijana wa kidato cha pili alipata 34 kwenye Jiografia, mimi nikamwandikia 84. Wala sikumpendelea. Nilikuwa naingiza alama kwenye Excel, mshale ukaruka mistari miwili juu bila ruhusa yangu, alama za mwenzake zikaangukia kwake. Mwalimu wa taaluma ndiye aliyegundua, akaniuliza huyu kijana ameanza kusoma lini.

Ilikuwa Juni, hapa Uyole, Mbeya, na aliyewahi kuamka Uyole mwezi wa sita anaijua ile baridi. Kwa hiyo kosa la kwanza nililisukumia baridi. Vidole vikipoa na kukauka, tachipadi, ile sehemu bapa unayotelezesha kidole kusogeza mshale, huwa inavipokea kwa shida, maana yenyewe haipimi uzito wa kidole, inapima jinsi kidole chako kinavyobadilisha umeme mdogo ulio kwenye uso wake. Halafu msimu huo kila mtu anajipaka mafuta ya mgando mpaka viganjani, na mafuta yale yanabaki palepale unapotelezesha kidole. Nikazima mashine, nikafuta kwa kitambaa chenye spiriti kidogo. Utando uliotoka ulinitia aibu, lakini mshale uliendelea na vurugu zake.

Mashine yenyewe niliinunua ikiwa mtumba: prosesa, yaani ubongo wake, Core i5 kizazi cha tano, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) GB 8, betri ya ndani isiyochomoka kwa nje. Nimekaa nayo miaka sita. Mara nyingi ilikuwa inashinda kwenye chaja kutwa nzima, kumbuka hilo, tutalirudia. Ugonjwa ulianza kwa mshale kutetemeka. Baada ya wiki moja mafaili yakawa yanafunguka bila kuguswa, na kubofya upande wa kushoto kukawa kugumu, unabonyeza kama unabonyeza meza.

Fundi wa kwanza sitamtaja wala sitasema yuko wapi. Aliiwasha, akaangalia kama dakika mbili, akasema, "Mwalimu, hii Windows imechoka, tupige mpya," yaani aifute programu inayoendesha mashine na kuiweka upya. Elfu ishirini. Jioni nikaikuta nyepesi na mshale umetulia, nikalipa nikiwa na furaha. Nyumbani nikachomeka chaja, nusu saa haijaisha mshale umeanza kucheza tena. Na maswali ya kidato cha tatu niliyokuwa nimeyahifadhi pale kwenye skrini ya mwanzo yalikuwa yamekwenda na maji. Hakuniuliza kama kuna cha kuhamisha, na mimi sikuwa na akili ya kumwambia.

Kwa hasira nikanunua mausi ya elfu kumi na mbili. Hapo ndipo nilipofanya jambo la maana kwa mara ya kwanza, tena kwa bahati tu. Mausi ilipochomekwa mshale bado uliruka. Nikaingia kwenye mipangilio ya tachipadi, nikakuta kisanduku kinachouliza kama iendelee kufanya kazi mausi ikiwepo. Nikaondoa tiki. Kimya! Mshale ukatulia kama maji ya mtungini. Kumbe kirusi hakuna, tatizo liko kwenye tachipadi au jirani yake. Ningeweza kuishia hapo na mausi yangu, na wengi huishia hapo. Nashukuru sikuishia.

Jumamosi nikapanda daladala hadi Kabwe kwa fundi mwingine, kijana mdogo mwenye meza ya kioo na taa moja ya kuinamia. "Shikamoo mwalimu." Sijui walimu tunajulikana kwa nini, labda ni namna tunavyoshika begi. Hakugusa Windows. Aliiwasha akabonyeza F2 mapema, kabla Windows haijaamka, akaingia kule kwenye mipangilio ya mashine yenyewe, ambako kwa bahati mashine yangu inaonyesha mshale. Ukaruka hukohuko. Akanigeuzia skrini: "Umeona mwalimu? Huku Windows haijafika. Aliyekupigia Windows alikuuzia dawa ya kichwa, wewe unaumwa mguu."

Kisha akaifunga, akaiweka juu ya kioo na kuibonyeza pembe moja kwa kidole. Ikayumba kama kigoda chenye mguu mfupi. Nimeiweka mezani kwangu miezi kadhaa nikidhani meza ndiyo mbovu! Akamulika tochi ya simu ubavuni: kati ya mfuniko wa chini na mwili wa mashine palikuwa na upenyo mwembamba, unapitisha ukucha.

Kabla ya kufungua alichora mstatili kwenye karatasi, na kila skrubu aliyoitoa akaichomeka kwenye karatasi mahali ilipotoka, kwa sababu hazilingani urefu, na ndefu ikiingia mahali pa fupi inaweza kutoboa kitu juu. Mfuniko ulipotoka nikaiona betri. Seli ya katikati ilikuwa imeumuka kama andazi, na tachipadi iko juu yake sawasawa. Gesi imejaa ndani, betri inavimba, inaisukuma tachipadi kutoka chini na kuikunja, vipimo vyake vinavurugika, nayo inadhani inaguswa. Umri, joto na kushinda kwenye chaja ndivyo vilivyoifikisha pale, kwa maelezo yake. Akaichomoa taratibu bila kuibinya, akaitumbukiza kwenye kopo lenye mchanga nje ya mlango. "Hii usingelala nayo chumba kimoja." Ikitobolewa inaweza kuwaka. Nilikuwa nalala nayo chini ya mto, ili wezi wasiichukue.

Akawasha mashine kwa chaja peke yake, bila betri. Mshale ukatembea ninapoutaka. Tachipadi yenyewe haikubadilishwa, ni ileile.

Gharama: betri elfu sabini na tano, iliagizwa Dar ikaja na basi baada ya siku tatu; ufundi elfu kumi na tano. Jumla elfu tisini, ukiacha ile ishirini iliyopotea. Je, ilistahili kwa mashine ya zamani hivyo? Nimebishana na mwenzangu wa Fizikia. Yeye anasema Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tangu Oktoba 14, 2025, na kizazi cha tano hakimo kwenye orodha ya wanaokubaliwa Windows 11, kwa hiyo nimefanyia maiti upasuaji. Nina jibu moja tu: nyingine ya hali hiyo sipati kwa elfu tisini, na kazi zangu ni maswali na alama. Betri mpya inanikalisha saa mbili na nusu hivi. Kubofya kumekuwa kulaini, pengine kulaini mno upande wa kulia.

Fundi wa Kabwe nampa alama tisa kwa kumi. Moja nimeikata kwa sababu alisema betri itafika kesho.

Kimebaki kitu kimoja. Nikiwa nyumbani na chaja imechomekwa, mshale bado unatetemeka kidogo, nikichomoa, unatulia. Shuleni hautetemeki hata chaja ikiwepo. Fundi yule wa Kabwe aliniambia hilo ni suala la nyumba: soketi ya sebuleni haina athi, ule waya wa kwenda ardhini, kwa hiyo umeme kidogo unaranda kwenye mashine na tachipadi inauhesabu kama kidole. Fundi umeme ameahidi kuja tangu mwezi uliopita. Kwa sasa natumia ile mausi ya elfu kumi na mbili.