Huduma ya dharura hospitali yetu ya wilaya: nyota mbili na nusu, jengo jipya halina maksi maana halijafunguliwa

Wakuu habari za sa hivi. Mi huwa naandika rivyu za simu na migahawa, hospitali sijawahi, ila hii ya wiki tatu zilizopita imenikaa rohoni ngoja niitoe. Jina la hospitali naliacha. Wa huku mtajua wenyewe, na wa wilaya zingine sitashangaa mkidhani nawasema nyie.

Bi mkubwa pumu ilimbana saa saba usiku, gari la wagonjwa namba inaita tu haipokelewi, tukamvamia jirani mwenye bajaji akatutoa. Getini mlinzi kafungua fasta, hapo maksi zote. Sasa mbele yetu kuna jengo jipya limeandikwa kwa rangi nyekundu HUDUMA ZA DHARURA na rampu nzuri kabisa ya kushushia wagonjwa, we ungeenda wapi? Dereva akapanda nayo moja kwa moja, mara mlinzi anakuja mbio nyuma, "Shikamoo mama, poleni, kaka hapo bado hapo, zungukeni OPD," yaani kule kwa wagonjwa wa nje. Mlango wa vioo bado una nailoni ya dukani, umefungwa na mnyororo wa pikipiki, na pale juu kulikuwa na mahindi yamefunikwa turubai, tairi la mbele lishapanda juu yake. Mahindi yenyewe ya huyo huyo mlinzi.

Kuzunguka OPD usiku ni kokoto na mabaki ya mchanga wa fundi, nikambeba mama mgongoni. Dharura yenyewe ni kona moja ina pazia, vitanda viwili, kimoja tayari kuna kijana wa bodaboda anavuja damu. Mashine ya mvuke ya pumu haikuwepo, ilikuwa wodi ya watoto, sista akaikimbilia mwenyewe. Karudi nayo, soketi imelegea, ukiachia plagi mashine inazima. Yule dada kashikilia plagi kwa mkono mmoja, mwingine kambana mama barakoa usoni, kainama hivyo zaidi ya dakika kumi, "Vuta mama yangu, taratibu, niangalie mimi." Nikamwambia sista nisaidie nishike, akasema we shika mama asianguke. Zile nyota mbili na nusu ni zake yeye, wengine wote msijipongeze.

Asubuhi mama kapata nafuu, nikaenda kusoma kile kibao cha mradi. Milioni 300, fedha za UVIKO-19, yaani ule mkopo wa IMF wa trilioni 1.3 wa 2021. Kuanza, Januari 2022. Kumaliza, imepakwa rangi nyeupe ikaandikwa tarehe nyingine, nayo ikapakwa rangi.

Nikamuuliza mzee mmoja aliyekuwa kwenye kamati ya ujenzi. Anasema hakuna aliyekula (haya, tumwamini), shida ni hivi, kazi ilikuwa ya fosi akaunti, hospitali inanunua vifaa yenyewe, fundi analipwa ufundi tu. Ni nafuu kuliko mkandarasi sikatai, ila makadirio yaliandikwa kwa bei ya mwanzo, nondo na saruji zikapanda, msingi na paa vikala hela ya milango, vigae na umeme. Mwaka wa fedha ukafika 30 Juni, kilichokuwa hakijatumika kikarudi Hazina, kukiomba tena ndo safari ya barua mpaka leo. Kwa hiyo kila mgeni akija anaambiwa jengo limefika asilimia 95. Aisee hiyo 5 iliyobaki ndo mabomba ya oksijeni, umeme wa fezi tatu na vitanda! Ukitoa hivyo umebaki na ukumbi wa harusi.

Na msiniambie navimba kwa kitu cha kizungu. Muhimbili walifungua idara yao ya dharura 2010, mdogo wangu alipata ajali nikampeleka pale, mlangoni tu wakamwangalia hali yake akapitishwa mbele ya watu waliotutangulia, kadi tumekata yeye yuko ndani anashonwa. Ndo kazi ya jengo la hivi, wagonjwa wanapangwa kwa hali, nyekundu, njano, kijani, foleni haina nafasi, na kila kitu kiko chumba kimoja. Kwetu sista anakimbia wodi ya watoto.

Kwa anayekuja huku usiku: usidanganyike na maandishi mekundu, pita kushoto kwenye mwembe, shika tochi, na kama una mgonjwa wa pumu uliza mashine iko wapi ukiwa bado getini, mlinzi anajua. Choo cha OPD kisafi, hilo nikiri. Duka la dawa linafungwa saa nne usiku, sijui wanadhani watu wanaumwa mchana tu.

Juzi bi mkubwa kanituma nimpelekee mlinzi debe la mahindi, eti deni ni deni. Kacheka, kayapokea, kaenda kuyaanika kwenye rampu. Nailoni ipo vile vile. Kibao kimepakwa rangi upya chote, kinang'aa, sehemu ya tarehe hawajaandika kitu.